Leaf niliyoambiwa inatembea kilomita 400, mbona naambulia 190?

Swali: "Fundi shikamoo. Niliagiza Nissan Leaf ya 2018, ile ya kWh 40, kutoka Japani. Tangazo lilisema kilomita 400 kwa chaji moja. Nakaa Goba kazi Posta, foleni kwenda foleni kurudi, AC muda wote maana joto unalijua. Nikijaza fulu nafika 190 hivi gari inaanza kulalamika. Nimeuziwa betri mbovu? Na Desemba nataka nipeleke familia Morogoro, watu wazima wawili na watoto watatu, itafika au nitalala Chalinze?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa gari. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kwa namba ulizonipa sioni betri mbovu hapo, naona gari iliyotumika miaka kadhaa, ikaja kwenye joto na foleni ya Dar, na tangazo lililokupa namba ambayo hata mwenye gari mpya kabisa hakuwahi kuipata barabarani.

Hiyo 400 imetoka kwenye kipimo cha zamani cha Wajapani kinaitwa JC08. Gari inawekwa kwenye mashine, matairi yanazunguka pale pale, spidi ya wastani ni kilomita 24 kwa saa na ikizidi sana inagusa 81, AC imezimwa, hakuna upepo, hakuna mlima, hakuna bodaboda anayekukatia mbele. Wajapani wenyewe walipohamia kipimo kipya cha WLTC gari hiyohiyo ikapewa 322, na hapo bado walitoa kile kipande cha spidi kubwa ambacho Wazungu wanacho. Ulaya ikaandikiwa 270. Marekani wakaiandikia maili 151, sawa na kilomita 243. Gari ile ile, betri ile ile, namba nne. Mimi mtu akiniuliza ashike ipi namwambia ya Wamarekani, hiyo ndiyo inayokaribia maisha ya huku. Na wanaoagiza magari ya Kichina siku hizi nao waangalie, namba zao nyingi ni za kipimo cha CLTC, nacho kina ukarimu wa aina hiyo hiyo.

Sasa chukua 243, halafu kumbuka betri yako imeshazeeka kidogo. Tuseme imebaki na asilimia 85 ya uwezo wake, jambo la kawaida kabisa kwa Leaf ya umri huo, unapata 206. Wewe unapata 190 na foleni na AC. Hujaibiwa.

Lakini kuna kitu kimoja nataka ukibadilishe kichwani kwako kabla sijaenda kwenye Morogoro, na ndicho ninachowaambia wote wanaoleta hizi gari kwangu. Acha kuhesabu kilomita, hesabu uniti. Hiyo kWh inayoandikwa kwenye gari ni uniti ile ile unayonunua ya LUKU, haina tofauti yoyote. Betri ya kWh 40 ikiwa mpya inakupa kama uniti 37 au 38 za kutumia, zinazobaki gari inazificha ili betri isiumie. Ya kwako kwa asilimia 85 ina kama uniti 32. Kilomita 190 gawanya kwa 32 unapata karibu 6, yaani uniti moja inakusogeza kilomita 6. Kwenye skrini ya dashibodi kuna sehemu imeandikwa km/kWh, hata kama menyu yote ni ya Kijapani hayo maandishi yanasomeka, hiyo ndiyo namba ya kuangalia kila siku kama vile mwenye Noah anavyoangalia kilomita kwa lita.

Ile namba kubwa ya kilomita zilizobaki wala usiifanye mkataba. Gari inaangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita halafu inabashiri, basi. Mimi nilijifunza kwa maumivu. Nilikuwa na Leaf ya kizazi cha kwanza, ya kWh 24, betri imebaki vipande 8 kati ya 12, vile vialama vya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri. Wiki nzima nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, barabara nyeupe, baridi, sina haja ya AC, naenda 50 mpaka 60 mpole kabisa. Jumamosi gari inaniandikia 96. Nikasema Bagamoyo hiyo hapo, nikapakia watu, AC juu, barabara ya Bagamoyo ikifunguka nikakanyaga 110. Namba ikawa inashuka mara mbili ya kilomita ninazotembea, na kabla sijaingia mjini taa ya kobe ikawaka. Wenye Leaf wanaijua, ni picha ya kobe kweli, ikiwaka gari inajipunguzia nguvu na wewe unatafuta pembeni pa kuegesha. Nilikaa pale na watoto wa dada yangu juani tukisubiri gari ya kuvuta. Namba ya 96 haikuwa ya uongo, ilikuwa ya dereva mwingine, yule wa alfajiri.

Sasa uniti zinakwenda wapi. Zinakwenda kwenye upepo, kwenye matairi, kwenye AC na kwenye mlima. Taa, redio, chaji ya simu, achana navyo, ni vidogo mno, mtu anaendesha gizani bila redio akidhani anaokoa chaji anajitesa bure.

AC ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vyote, na kwako wewe wa Goba ndiyo kesi yenyewe. AC haili kwa kilomita, inakula kwa saa. Ikishapoza gari inavuta kama uniti moja kwa saa, dakika za mwanzo gari ikiwa imechemka juani inavuta zaidi sana. Ukiwa barabara kuu unakwenda 80, saa moja ya AC umegawanya kwa kilomita 80, huisikii. Ukiwa foleni, Goba mpaka Posta kilomita kama 25 kwa saa moja na nusu, AC imekula uniti 1.5, na kusogeza gari kwenyewe kumekula kama uniti 3. Yaani theluthi nzima ya chaji yako imekwenda kupoza hewa. Ndiyo maana wewe unapata 6 kwa uniti na jirani yako anayetoka saa kumi na moja alfajiri na gari hiyo hiyo anapata 7 na kitu na anakuambia una betri mbovu. Hana ubaya, hajui tu.

Sikuambii uzime AC, Dar hii utaumwa. Ninachokuambia ni kwamba asubuhi gari ikiwa bado imechomekwa iwashe AC dakika kumi kabla hujatoka, ule ubaridi wa kwanza ambao ndio wa gharama unalipiwa na LUKU siyo na betri. Weka hewa izunguke ndani. Weka nyuzi 25 au 26, siyo 18, na ukiegesha Posta tafuta kivuli, hata cha mwarobaini. Ukitoka jioni fungua vioo vyote dakika mbili hewa ya moto itoke kwanza ndipo uwashe. Foleni yenyewe wala usiichukie kama mwenye gari ya mafuta anavyoichukia, gari ya umeme ikisimama mota haili chochote.

Video za Wazungu za YouTube kuhusu chaji kupotea kwa baridi, hita inakula hiki na kile, ni za kweli kwa Norway lakini hazikuhusu. Sisi tatizo letu ni joto, na joto la Leaf ni habari nyingine nitakuja nayo hapo chini.

Upepo ndio mlaji mkuu ukishatoka mjini. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na spidi, inapanda kwa spidi mara spidi. Kutoka 80 kwenda 100 unadhani umeongeza kidogo kumbe upepo umeongezeka zaidi ya nusu, na ukifika 120 ni mara mbili na robo ya ule wa 80. Kwa Leaf yako kwa hesabu zangu ukitulia 75 mpaka 80 unakula kama uniti 11.5 kwa kilomita 100, ukienda 100 unakula 15, na 120 inakaribia 20, hapo sijaweka AC. Hakuna mbinu yoyote duniani, hakuna modi ya Eco, hakuna tairi, itakayokupa unachopata kwa kuondoa mguu kidogo tu. Na keria ya juu kama huibebeshi mizigo itoe, inakamata upepo hata ikiwa tupu.

Tairi, kwa kifupi: angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, Leaf nyingi ni psi 36, na ujaze asubuhi tairi zikiwa baridi. Mafundi wengi wa upepo wa barabarani wanapiga 30 kwa kila gari ndogo bila kuuliza. Ukibadilisha tairi usichukue tu ya bei rahisi iliyopo, zile zilizokuja na gari Japani mara nyingi ni za kubiringika kirahisi, nimeona mteja akiweka tairi nyingine za bei chee akarudi analalamika chaji imepungua, na kweli ilikuwa imepungua.

Kuhusu e-Pedal, ule mfumo wa kwenda na kupunguza mwendo kwa kanyagio moja, na kurudisha chaji kwa breki, watu wanaipenda na mimi naipenda mjini, mguu unapumzika. Ila usiamini kwamba inatengeneza umeme. Inakurudishia sehemu ya kile ulichokwisha kutumia, na kila ukibadilisha umeme kuwa mwendo na mwendo kuwa umeme kuna kinachopotea njiani. Barabara kuu ni bora uiache gari iteleze yenyewe ukiona mbele kuna tuta kuliko kukimbia halafu kufunga breki ukitegemea chaji irudi. Na betri ikiwa imejaa fulu hairudishi chochote cha maana maana haina pa kuweka.

Sasa kama bado una wasiwasi na betri, ipime, usibaki na maneno ya watu. Vipande vidogo vya pembeni ya chaji viko 12, cha kwanza kinapotea betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo mtu mwenye vipande 12 anaweza kuwa na 99 au 86, hujui. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD2 cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na uweke programu ya LeafSpy kwenye simu, utaona asilimia ya afya yenyewe na pia utaona jozi zote 96 za seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri kubwa, zilivyosimama. Chaji ikiwa chini, kama asilimia 20, na gari inavuta, angalia tofauti ya seli ya juu na ya chini. Ikipita milivolti 100 hivi una seli dhaifu, na hiyo ndiyo inayofanya gari idondoke ghafla toka asilimia 15 mpaka taa ya kobe.

Ila nakupa na kipimo kisichodanganywa, maana wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu za betri ili vipande vionekane 12, kisha vinashuka vyenyewe baada ya wiki chache. Tumia LUKU yako. Shusha gari mpaka asilimia 20, usiku zima vitu vikubwa nyumbani, pasi, jiko, pampu, friji ikiwezekana, soma mita, chaji mpaka 100, soma tena. Toa kama asilimia 12 hivi zinazopotea kwenye kuchaji. Betri ya kwako ikiwa na 85 kweli, kutoka 20 mpaka 100 mita itaonyesha kama uniti 29. Ikisoma 22 hapo tuna mazungumzo mengine. Mita ya TANESCO haijui historia ya gari yako, inasema ilichokiona.

Na joto. Leaf haina maji wala feni ya kupoza betri, imeachiwa hewa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf za kwanza kule Phoenix, Arizona, walianza kupoteza vipande mapema mno kwa sababu ya joto la jangwani, ikawa kesi, Nissan wakalazimika kuweka dhamana ya ujazo wa betri na baadaye wakabadilisha kemia yake. Ya kwako ina betri bora kuliko zile lakini bado haipendi kukaa imejaa fulu juani. Kwa mizunguko yako ya kilomita 50 kwa siku unahitaji uniti 9 tu, huna sababu ya kujaza 100 kila usiku. Chaji mpaka 80, anza usiku wa manane gari ikiwa imeshapoa, usiishushe chini ya 20 bila sababu. Fulu iweke siku ya safari tu, na ijae karibu na muda wa kuondoka. Kilomita utakazokuwa nazo mwaka 2030 unazitunza sasa hivi kwa namna hiyo.

Haya, Morogoro. Weka kilomita 185 kutoka kwako. Morogoro iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na gari na ninyi watano ni kama kilo 1,800, kuipandisha hiyo mita 500 ni uniti 2.5. Haionekani kama mlima kwa sababu imesambaa njia nzima, lakini bili ipo. (Ndugu zetu wa Kenya wanaopanda Mombasa kwenda Nairobi wanalipa zaidi ya 8 kwa mlima peke yake.) Ukienda 75 mpaka 80, kilomita 185 zinakula uniti 21. AC saa tatu hivi, 3. Mlima 2.5. Jumla 26.5 kati ya 32. Unafika na uniti 5, kama asilimia 17. Ukienda 100, mwendo peke yake unakula 28, AC 2, mlima 2.5, jumla 32.5. Hufiki. Safari ile ile, gari ile ile, tofauti ni spidi na dakika kama thelathini za kufika mapema.

Bahati nzuri ile barabara inakusaidia, vibao vya 50 vimejaa kila kijiji na matrafiki wenye tochi unawajua, ukivifuata vyote unaokoa faini na chaji kwa pamoja. Malori nayo yatakushikilia, usiyapite kwa hasira, kaa nyuma kwa nafasi salama. Toka saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya Mbezi na Kibaha haijakulia chaji yako kwa AC. Jipe vituo vya kukagua: ukiwa Chalinze, ambapo umeshamaliza kama nusu ya njia, unatakiwa uwe na asilimia 50 au zaidi. Ukikuta 45 shuka mpaka 65 na AC ipunguze. Ukikuta 40 usiendelee, tafuta mtu mwenye soketi nzuri pale Chalinze, ongea naye vizuri, mlipe, na ujue soketi ya kawaida inakupa kilomita kama 12 mpaka 15 tu kwa kila saa, kwa hiyo ni chakula na mapumziko marefu.

Kurudi ndiko watu wanakokosea. Wanajiambia ni mteremko, na kweli mteremko unakurudishia kama uniti 1.5. Lakini mchana upepo wa baharini unavuma kuja bara, iwe msimu wa kusi au wa kaskazi, na wewe unarudi Dar unaupokea usoni. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukiwa unakwenda 80 ni kama unakwenda 95, kwa safari nzima unaweza kukulamba uniti 4. Kwa hiyo kurudi pia ni alfajiri, upepo haujaamka.

Na huko Morogoro panga kulala, usipange kwenda na kurudi siku moja. Soketi ya kawaida iweke ampea 10, siyo 13, hiyo ni uniti 2.3 kwa saa, kujaza kutoka 17 mpaka 100 ni kama saa 13 au 14. Kabla hujalipa chumba uliza kama unaweza kuegesha karibu na soketi na kama ina ethi inayofanya kazi. Ekstensheni za waya mwembamba zilizokunjwa kunjwa usizitumie hata kama mwenyeji anakuapia, zinachemka ndani ya bando na nimeshaona iliyoyeyuka mpaka ikashikana na zulia. Chomeka moja kwa moja ukutani, baada ya nusu saa gusa plagi kwa mgongo wa mkono, ikiwa ya moto kiasi huwezi kuishikilia, chomoa na uhamie soketi nyingine.

Wiki mbili kabla ya Desemba fanya kile kipimo cha LUKU, halafu Jumapili moja asubuhi nenda Chalinze na urudi ukiwa peke yako, kilomita kama 180, kwa spidi ya 75 mpaka 80. Ukirudi Goba na asilimia 25 au zaidi, wapakie. Ukirudi na 15, nenda na familia kwa basi au treni ya SGR mwaka huu, na gari niletee tuangalie zile seli.